Mpe Shangazi Kamera

Nina ugomvi na watu wa kamera za filamu. Kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao, nauleta hadharani kama ugomvi wa nyumbani unavyoletwa barazani ukishashindikana chumbani.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila mara kijana anapouliza, "Nataka kuanza kupiga picha kwa filamu, ninunue kamera gani?" anapewa majibu mawili yale yale. La kwanza linatoka kwa wazee wa fani, hata kama wazee hao wana miaka ishirini na sita: nunua kamera kubwa ya chuma, isiyo na otomatiki yoyote, ujifunze mwanga, ujifunze subira, uteseke kidogo, maana picha ni nidhamu. La pili linatoka kwa wapenda vitu vizuri: tafuta kamera ndogo ya titani, ile waliyoonekana nayo watu maarufu, lipa bei inayokaribia ya bodaboda, itundike shingoni. Majibu haya yanajifanya maadui, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanauliza kamera itakufanyia nini wewe. Hakuna hata moja linalouliza ni nani mwingine ataweza kuishika.

Jibu langu ni la tatu. Nunua kamera ndogo, rahisi, ya bei ya chini, ambayo katikati ya shughuli unaweza kumpa shangazi yako, ukaondoka kwenda kupokea wageni, na ukirudi ukute amepiga picha. Kama shangazi hawezi kuitumia, hiyo si kamera ya familia. Ni pambo lako.

Sisemi hivi kwa kuwahurumia wasiojua mambo ya kamera. Nasema kwa ajili ya picha ambazo hatunazo na hatutazipata tena, kwa sababu waliokuwa mahali pa kuzipiga hawakupewa kitu wanachoweza kukitumia.

Wazo la kamera rahisi si uvivu wa kizazi chetu. Lina umri kuliko reli ya Mombasa. Mwaka 1888 George Eastman, Mmarekani, alianza kuuza Kodak, kamera iliyokuja na filamu ya picha 100 ikiwa imeshapakiwa kiwandani. Ukimaliza, uliipeleka kamera nzima Rochester, New York, wakasafisha picha, wakapakia filamu mpya na kukurudishia. Iliuzwa dola 25, pesa nyingi wakati ule. Lakini mwaka 1900 kampuni hiyo hiyo ikatoa Brownie, kisanduku kilichouzwa dola moja, na waliolengwa kwenye matangazo yake walikuwa watoto. Kabla ya hapo mpiga picha alikuwa mtu wa bamba za kioo, miguu mitatu ya mbao na chupa za dawa. Baada ya hapo alikuwa mtu yeyote mwenye kidole. Na tangu siku hiyo hawajakosekana watu wa kulalamika kwamba sanaa imeingiliwa na kila mtu.

Miaka iliyofuata iliondoa vikwazo kimoja kimoja. Mwaka 1977 Konica walileta C35 AF, kamera ndogo ya kwanza kuuzwa madukani ikiwa inajipimia umbali yenyewe. Mwaka 1983 kopo la filamu lilianza kuchapwa vile viraba mfano wa ubao wa drafti, ambavyo kamera huvisoma na kujua kasi ya filamu bila kuambiwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, kamera ya kawaida ya mfukoni ilikuwa inasoma filamu, inapima mwanga na umbali, inawasha flashi, inavuta mkanda mbele na kuurudisha ukiisha. Kazi iliyobaki kwa binadamu ilikuwa moja: kuamua nini kinastahili kutazamwa. Kazi hiyo ndiyo ngumu, na haihitaji cheti.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sekondari Tanga, na alikuwa na Zenit, kamera ya Kisovieti nzito kama tofali, aliyoinunua kwa mwalimu mwenzake aliyewahi kusoma Urusi. Ilikaa juu ya kabati la nguo ndani ya mfuko wake wa ngozi, na sisi watoto tuliijua kama tulivyolijua panga na chupa ya mafuta ya taa: kitu cha kutogusa. Kila picha ilikuwa hesabu. Baba alisoma sindano ya mwanga, akageuza pete ya tundu, akageuza gurudumu la kasi, akazungusha lenzi mpaka sura zetu zikakaa sawa. Sisi wakati huo tumejipanga ukutani kwa urefu, macho yanatiririka machozi, kwa sababu alifuata kanuni ya zamani kwamba jua liwe mgongoni mwa mpiga picha. Mkanda mmoja wa picha 36 ulimtosha kutoka Idi hadi Idi.

Albamu ya nyumbani ina picha mia mbili na kitu za miaka ile. Baba yumo katika nne. Katika nyingine nyingi yumo kwa namna moja tu: jua la jioni likiwa nyuma yake, kivuli cha kichwa na mabega yake kimelala kwenye mchanga wa uani na kufika karibu na miguu yetu. Ndivyo tulivyo na baba wa utoto wetu. Kivuli cha mtu aliyeinamia kifaa.

Mama yumo katika picha nyingi, amesimama pembeni, ameshika mtoto. Lakini hakuna hata moja aliyoipiga yeye. Mara mbili baba aliandaa kila kitu akampa: "Bonyeza hapo tu, usiguse kingine." Mara mbili baba alikuja kujiunga nasi, tukasogea kumpisha, tukawa hatua moja mbele ya pale alipopimia, na picha ikatoka na ukungu. Hukumu ikatolewa kwa kicheko, bila ubaya wowote: mama hawezi kupiga picha. Ilidumu miaka kumi na mbili. Tazama lawama ilivyosafiri. Chombo kilishindwa kumtumikia mtu, akalaumiwa mtu.

Mwaka 1996 kaka yake mama, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alirudi likizo na mizigo ya watu wa Uarabuni: vitambaa, manukato, redio, na kamera ndogo nyeusi ya plastiki, ya otomatiki, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Akampa dada yake mbele ya watu wote. "Hii yako wewe," akasema. "Hakuna cha kupima. Tazama, bonyeza."

Mama alipiga mikanda kama minane kwa miaka minne, mpaka mashine ikagoma kuvuta filamu. Hakumpanga mtu. Alipiga pale alipokuwa, na alikuwa mahali ambapo Zenit haikuwahi kufika: jikoni, chumbani kwa bibi aliyekuwa mgonjwa, nyuma ya nyumba ambako wanawake walikuna nazi na kusema watu. Kuna jirani yetu anacheka, mdomo umejaa muhogo. Kuna mikono ya bibi inachambua mchele, kichwa chake kimekatwa na ukingo wa picha. Kuna mdogo wangu analia kwa hasira na mimi nyuma yake nacheka. Kuna baba amelala mkekani mchana, gazeti kifuani, kinywa wazi. Na kuna baba mwingine, ameinua uso kutoka kwenye rundo la madaftari ya wanafunzi, anamtazama aliyeshika kamera. Mtazamo ule sisi watoto hatukuwahi kuuona, kwa sababu haukuwa wetu. Alikuwa anamtazama mke wake.

Baba alipofariki, mwaka 2011, kaka yangu alitaka picha moja ya kukuza na kuweka sebuleni. Tulimwaga albamu zote mezani. Zile nne za Zenit, alizopigwa na wageni, zilimwonyesha mtu aliyesimama wima akisubiri mambo yaishe. Tuliyoichagua ni ile ya madaftari. Imeinama upande mmoja, na kwenye kona kuna kidole cha mama, kwa kuwa kwenye kamera za namna ile unachungulia kidirisha cha pembeni na huwezi kuona kwamba kidole kimeziba lenzi. Fundi wa studio aliuliza kama akiondoe. Kaka akamwambia akiache.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema kamera isiyo na mipangilio ya mkono si kamera ya kweli, nasikia hukumu ya nyumbani kwetu ikisomwa upya.

Kiswahili chenyewe kinatuambia mambo yalivyo. Kuna anayepiga picha na kuna anayepigwa. Pwani yetu imepigwa picha kwa zaidi ya karne moja: na wasafiri, na maofisa wa kikoloni, na wauza kadi za posta. Studio zilikuja kubadili kidogo mizani hiyo. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye wapiga picha wa kivuko cha Likoni kule Mombasa na vibanda vyao vilivyopambwa, waliwapa watu nafasi ya kuchagua nguo, pozi na mandhari. Nawaheshimu, na kazi zao ni hazina. Lakini hata huko mteja alipigwa. Aliyebonyeza alikuwa fundi. Kwa watu kama mama yangu, kilichobadili kitenzi kutoka kupigwa kwenda kupiga hakikuwa studio, wala chama cha wapiga picha, wala darasa. Kilikuwa kile kipande cha sabuni cha plastiki.

Najua hoja za upande wa pili, na hazistahili dharau.

Ya kwanza: kamera ya mikono hufundisha. Kweli, hufundisha. Anayetaka kuifanya kazi hii maisha yake yote ajifunze tundu na kasi kama fundi cherehani anavyojifunza kupima bega. Lakini tuwe wakweli kuhusu kinachofundishwa. Kamera ya mikono inakufundisha kamera. Haikufundishi mahali pa kusimama, wala haikupi imani ya watu unaowatazama. Hakuna namba ya tundu itakayokufikisha jikoni siku ya arobaini. Mwaka jana, kwenye matembezi ya picha pale Posta, Dar es Salaam, binti mmoja alikuja na kamera ya plastiki ya bei rahisi, yenye kasi moja na tundu moja, ambayo flashi yake inaishia hatua mbili tatu. Kijana mmoja aliyebeba vyombo vya gharama akamuuliza, "Sasa hiyo inakufundisha nini?" Binti akamjibu, "Kusogea karibu." Nimesoma vitabu vizima vya upigaji picha visivyosema zaidi ya hapo.

Ya pili ni ya wale wa titani: kwamba kamera ndogo nzuri zina lenzi nzuri. Zinazo. Contax T2, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina lenzi ya Zeiss inayochora vizuri sana. Ila bei yake ya leo haitokani na lenzi. Mwaka 2017 Kendall Jenner aliitoa kwenye kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, na kitu kilichokuwa kizuri kikageuka kuwa alama. Olympus mju-II, kamera ya plastiki ya mwaka 1997 iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida kabisa, nayo ikapandishwa bei kwa sifa za mtandaoni mpaka watu wa kawaida kabisa wakaachwa nje. Tena kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Kamera hizi ni elektroniki tupu. Kyocera, waliotengeneza Contax, walifunga biashara hiyo mwaka 2005. Saketi ikiungua, hakuna fundi wa Kariakoo atakayekufufulia. Zenit ya baba ingefunguliwa na fundi yeyote mwenye bisibisi na subira. Kamera ndogo ikifa imekufa. Ndiyo maana nasema usinunue ya ghali. Nunua ambayo kifo chake hakitakutia matanga.

Na kuna bei nyingine ya kamera ya ghali, ambayo hulipi dukani. Huwezi kumpa mtu. Utampa shangazi kitu cha milioni kadhaa aende nacho kwenye masufuria? Utasimama kando yake ukimwambia angalia maji, angalia mafuta, angalia mtoto. Umeshahamisha Zenit ya baba kutoka juu ya kabati na kuiweka shingoni mwako.

Ya tatu ndiyo nzito: mbona kila mtu ana simu? Shangazi naye anayo. Filamu ya nini?

Nakubali kwamba simu imefanya kilichoahidiwa mwaka 1900 kuliko kamera yoyote. Kwa habari, kwa ushahidi, kwa kumtumia mgonjwa picha ya mjukuu, simu imeshinda na tusibishane. Lakini simu si kitu cha kupokezana. Simu ni ya mtu. Ina nywila, ina meseji zako, ina pesa zako. Ukimpa mtu simu yako akupige picha, unabaki macho juu yake mpaka airudishe. Kamera ndogo ya filamu haina siri ya mtu yeyote. Inaweza kulala mezani karibu na birika la chai ikaokotwa na atakayependa.

Jambo la pili ni kufuta. Ukipiga kwa simu, sekunde ileile mikono inanyooshwa: "Hebu nione. Aa, nimetoka vibaya, futa." Wote tumeshageuka wahariri wa nyuso zetu. Picha ya baba kinywa wazi mkekani ingeishi sekunde tatu kwenye simu. Filamu iliilinda, kwa sababu hakuna aliyeiona mpaka wiki kadhaa baadaye, na wakati huo ilikuwa imeshageuka kuchekesha badala ya kuaibisha. Nasema hivi hasa kwa wenzangu tuliozoea kujiona kabla hatujaonwa na wengine. Kuna sura zako ambazo unahitaji mtu mwingine azitunze, kwa kuwa wewe ungezifuta.

Basi tuzungumze kununua, maana ubishi usiofika sokoni ni kelele.

Kipimo cha kwanza ni sentensi moja. Mpe kamera mtu ambaye hajawahi kuishika. Ukihitaji kumweleza kwa zaidi ya sentensi moja, irudishe kwa muuzaji. Kwenye harusi ya binamu yangu, kulikuwa na mpiga picha wa kulipwa aliyemzunguka bibi harusi na taa zake tangu asubuhi. Mimi nilikwenda nyuma, kwenye mafiga, nikamwamkia shangazi yangu, nikampa kamera ndogo. "Shangazi, chungulia hapa, bonyeza hapa."

"Basi? Hivyo tu?"

"Hivyo tu, shangazi."

"Mbona mlikuwa mkiringa nayo!"

Alipiga picha kumi na moja. Nne hazikutoka. Saba zilizobaki ndizo picha pekee za harusi ile zinazoonyesha ni nani aliyepika.

Kipimo cha pili ni betri. Kabla ya kuuliza lenzi, uliza inakula betri gani. Kamera nyingi zinazosifiwa, mju-II ikiwamo, zinatumia CR123A, ambayo utaizungukia mji mzima. Tafuta inayotumia betri za kawaida za AA, zinazouzwa kwenye kila genge. Nikon L35AF ya mwaka 1983 na Canon AF35M ya mwaka 1979 zinatumia AA mbili, na zote mbili zina lenzi ambazo hazina cha kuonea aibu mbele ya titani.

Cha tatu, kimbia zumu. Kamera ndogo zenye lenzi ya kuvutika zinaonekana kama faida, lakini ukiivuta mpaka mwisho tundu lake linakuwa dogo mno, mwanga hautoshi, picha inatikisika. Lenzi isiyovutika, ya milimita 28 hadi 35, inaingiza watu wote chumbani, na anayetaka uso mkubwa ana miguu.

Cha nne ni flashi, na hapa nawaomba wasomaji wenye ngozi kama yangu wasimame kidogo. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipanga rangi zao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliwahoji waliofanya kazi Kodak, wakamweleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyosaidia kusukuma mabadiliko ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutoka vizuri. Filamu za leo zimerekebika. Ila kipimo cha mwanga ndani ya kamera ndogo bado hakijui kinamtazama nani. Kinaona anga nyeupe nyuma ya mtu aliyekaa chini ya mwembe, kinaamua mwanga umezidi, kinaupunguza, na uso unageuka doa jeusi. Dawa ni kitufe cha kulazimisha flashi iwake hata mchana. Kamera isiyo na kitufe hicho, au isiyojiwashia flashi yenyewe inapoona mwanga unatoka nyuma ya mtu, haikutengenezwa ikiwafikiria shangazi zetu. Na ukitumia filamu ya rangi ya kawaida, kumbuka inasamehe mwanga uliozidi kuliko mwanga uliopungua. Ukiwa na shaka, ongeza.

Mwisho ni ukaguzi wa mtumba. Fungua mlango wa betri, tafuta kutu ya kijani. Mulika lenzi kwa tochi ya simu, tafuta ukungu mfano wa utando wa buibui, hasa kama kamera imekaa pwani. Fungua mgongo, gusa sponji nyeusi za kuzuia mwanga, kama zinanata kidoleni zimeoza, ingawa hizo hubadilishika. Weka betri, bonyeza, sikiliza mota. Ikilia kwa nguvu moja bila kukwama, lipa uondoke.

Gharama siwezi kuificha. Filamu ni ghali na maabara za kuisafisha zimebaki chache. Mimi hukusanya mikanda mitatu minne na kusubiri mtu anayesafiri. Wapo waliojaribu kulijibu hili kwa kugawa kipande kimoja cha filamu mara mbili, ili picha 36 ziwe 72. Pentax 17 ya mwaka 2024 inafanya hivyo, na umbali unauchagua kwa vialama badala ya namba. Wazo zuri. Ila ilitoka ikiuzwa dola 499.95 Marekani, na kwa bei hiyo tumesharudi kwenye kitu cha kutogusa. Kuna kamera mpya za plastiki zinazofanya vivyo hivyo kwa sehemu ndogo ya pesa hizo. Lakini uchache huu wa picha ndio unaonifanya nisisitize zaidi. Kama una 36 tu, kwa nini zote zitoke kwenye jicho moja? Hilo jicho tumeshalijua. Zipige kumi, zilizobaki ziache nyumba izipige.

Kwa hiyo, kijana unayeuliza: acha kutafuta kamera itakayokufanya uonekane mpiga picha. Tafuta itakayowafanya waliokuzunguka wapige. Ipakie filamu, iache mezani, usiweke mfuko wa ngozi. Mtoto akiiokota, muonyeshe kitufe na usimwambie asimame wapi. Usimwambie jua liwe upande gani. Shangazi akikata vichwa vya watu, mwache, huenda alichokuwa anakitazama ni mikono.

Mkanda ukirudi kutoka kusafishwa, zipitie picha zote na ujitafute. Ukijikuta, tena mahali ambapo hukujua kwamba unatazamwa, basi ulinunua kamera sahihi.